Nishikie Mitambo Yangu

2 Machi

Mwanangu amenitupia daftari hili mapajani jioni hii. "Andika, mama. Bora uandike kuliko kuongea na masufuria."

Siongei na masufuria. Midomo yangu inacheza yenyewe tu, wala sauti haitoki. Asubuhi alinikuta jikoni akauliza, "Mama, unaongea na nani?" Nikafumba mdomo haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari. Ningemjibu nini? Ni tabia ya kiwandani, na kiwanda chenyewe kilikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

3 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

6 Machi

Basi niandike, maana atauliza.

Mle kwenye ukumbi wa kufumia, mitambo ikishawaka yote, ungeweza kupiga yowe sikioni mwa mtu na asikusikie. Kwa hiyo tuliongea kwa midomo. Unaupanua mdomo, unalitamka neno taratibu bila sauti, na mwenzako aliye upande wa pili wa ukumbi analisoma. Msichana mgeni alikuwa analia wiki ya kwanza. Siku akianza kucheka peke yake tulijua ameshatuelewa. Tulisengenya kwa midomo, tulipanga harusi, tulimtukana msimamizi mbele ya macho yake naye anatabasamu. Marehemu mume wangu, mtu wa idara ya rangi, mikono ya buluu hadi viwikoni, alikuwa akilalamika kwamba ameoa mwanamke anayefoka kimyakimya.

Neno lililotumika kuliko yote lilikuwa "nishikie". Ukitaka kwenda kunywa maji unamgeukia mwenzako wa karibu, unamwambia "nishikie", naye anaiangalia mitambo yako pamoja na yake. Uzi wako ukikatika, anauunga. Hakuna aliyewahi kukataa. Wa kwangu nilimwita Jirani, naye akaniita Jirani, na hata kwenye harusi yangu walimtangaza hivyohivyo.

Sasa simwiti chochote.

9 Machi

Leo tumegombana kidogo, mimi na huyu kitindamimba wangu. Ameajiriwa palepale, kiwanda kilipofunguliwa upya na wenyewe wapya. Ila sasa ni cherehani tupu. Zamani pamba iliingia kwa lango la nyuma ikiwa marobota, ikatoka kwa lango la mbele ikiwa mashuka na vitambaa vya maua. Siku hizi majora ya kitambaa yanakuja kwa meli, yameshafumwa na kutiwa rangi huko yalikotoka. Wao wanakata, wanashona, wanapakia melini tena.

"Hicho si kiwanda," nikamwambia. "Hicho ni kibanda cha fundi cherehani kilichonenepa."

"Mama, kwenye semina walituambia nchi nyingi zenye viwanda vikubwa zilianza na cherehani."

"Sisi tulianza na pamba."

"Mkaishia wapi?"

Ana mdomo kama wangu, tofauti wa kwake una sauti. Tuliishia pabaya, najua. Mitumba ilishuka bandarini, vitambaa vya bei ya chee vikafuata, umeme ukawa wa kubahatisha, vipuri havikuja, na mtambo mmoja ukawa unachinjwa ili mwingine upone. Lakini ile harufu ya pamba iliyolowa mvua, hakuna semina itakayoitoa puani mwangu.

11 Machi

Ameondoka alfajiri bila chakula. Nikaona nimpelekee mchana. Hataki, anasema wenzake watamcheka, atanunua mkate na chai getini. Nikamwambia kitu cha getini hununui. Getini anauza Jirani.

Niandike na hili. Walipotaka kupunguza mishahara tuligoma, tukakaa nje getini wanawake wote. Asubuhi moja Jirani akainuka, akajikung'uta vumbi, akatupita, akaingia ndani. Alifanya kazi na wenzake wachache mpaka kiwanda kilipofungwa kabisa. Siku ile nilimwita msaliti, tena kwa sauti, mbele za watu. Tangu hapo tukikutana mimi hutazama juu, yeye hutazama chini. Miaka ishirini na ushee.

12 Machi

Mvua. Nimempelekea chakula. Nimetazama juu.

13 Machi

Vilevile.

16 Machi

Mwanangu amekuja na habari akiwa bado anavua viatu. "Mama Chai anahama."

"Mama Chai ndiye nani?"

"Wewe unamjua. Mwanawe yule fundi umeme anakuja kumchukua mvua zikiisha. Anasema hawezi kuachwa peke yake, hasikii kabisa. Sisi tukitaka chai tunamwonyesha vidole."

Sikujua kwamba masikio yake yamekufa. Ya kwangu yamebaki nusu. "Aende salama," nikasema, nikajipakulia chakula, nikakirudisha chote sufuriani.

19 Machi

Nimegundua raha moja. Mtu asiyesikia hata radi unaweza kumpita huku unasema utakalo. Leo nimepita ng'ambo ya barabara, mkabala na meza yake, nikamwambia moja kwa moja, kwa midomo yangu hii: chai yako ni maji ya kuoshea vikombe, ninaiona rangi yake kutoka huku. Nikahisi kifua chepesi. Miaka yote nilitazama juu bure.

20 Machi

Nimemwambia pia kuhusu mkate wake.

24 Machi

Mwanangu anasema chai ya Mama Chai siku hizi imekolea. Nimemwuliza amejuaje, na nilishamkataza. Akaenda kuoga.

27 Machi

Mvua kubwa tangu asubuhi. Leo nimemwambia mwavuli wake umetoboka, na mama mzima kukaa pale analowana kama mbuzi aliyesahaulika mnadani ni aibu kwa mwanawe. Nilikuwa na hasira kweli. Sijui hasira ya nini, mwavuli si wangu.

30 Machi

Mwavuli umetiwa kiraka. Nilisimama kabisa. Kitambaa cha maua ya manjano kwenye rangi ya udongo mwekundu. Kile ni chetu. Tulikifuma mwaka ule nilipoolewa, na nusu ya wanawake wa mji walikivaa wakaja nacho harusini mpaka bwana harusi akasema ameoa kiwanda. Mimi changu kilichakaa nikakifanya tambara la jikoni. Yeye amekitunza.

Nilipita bila kumwambia neno baya. Nilimwambia tu, "Unakumbuka?" kisha nikaenda zangu.

4 Aprili

Naona kama sasa naamka kwa ajili ya saa ile ya mchana. Leo nimemsimulia siku umeme ulipokatika na ukumbi mzima ukawa kimya, nasi tukaendelea kuongea kwa midomo mpaka mtu mmoja akapiga chafya, na ndipo tukakumbuka kwamba tuna sauti. Nimecheka peke yangu barabarani. Mlinzi wa geti amenitazama vibaya.

5 Aprili

Nimemsimulia kifo cha mume wangu. Rangi haikumtoka mikononi mpaka mwisho. Sikuwa nimemwambia mtu jambo hilo.

8 Aprili

Nimemwambia kwamba mumewe alipofariki nilivaa, nikatoka, nikafika kona ya mtaa wao, nikasikia vilio, nikageuza. Leo hakuwa anatazama chini. Alikuwa anasugua kikombe kilekile.

12 Aprili

Mwanangu amerudi amenuna. Msichana anayekaa kando yake kwenye laini ya cherehani amepewa onyo kwa kuongea. Marufuku kuongea, hata salamu, eti mikono inapunguza kasi. Anakaa na mwenzake kiwiko kwa kiwiko tangu asubuhi hadi jioni na hajui hata ana watoto wangapi.

"Nyie mlikuwa mnafanyaje?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema nafanana na samaki. Kisha akasema, "Rudia."

Tumekaa mbele ya kioo chake. Ana haraka, anayameza maneno. Nikamwambia usitafune, lifungue neno, mwenzako alione lote. Alipopata la kwanza nikatamani baba yake angekuwepo.

Anasema pia kuna fununu kwamba wateja wakizidi wataleta mitambo ya kufumia. Ya kisasa, haipigi kelele.

"Haipigi kelele!" nikasema. "Sasa mtaongeaje?"

15 Aprili

Mvua.

17 Aprili

Mvua. Mwanawe Jirani amekuja kumwangalia, nimemwona akipima meza kwa macho. Zimebaki wiki chache. Kila siku najiambia leo nitavuka barabara nimsalimie kwa mkono kama watu, na kila siku napita nikibwabwaja kimya kama mwendawazimu. Akishaondoka nitabwabwaja kwa nani? Nilimwambia hilo pia.

21 Aprili

Leo walikuja na malori.

Ukumbi wa kufumia ulikuwa umefungwa miaka yote hii na mitambo yetu ndani. Sasa wanautaka uwe ghala la majora. Wameikata mitambo kwa moto, vipande vipande, wakaviburuta hadi nje kuuza chuma chakavu.

Nilikuwa nimeleta chakula. Nikasimama upande huu wa barabara na bakuli langu. Jirani alikuwa upande wa pili chini ya mwavuli wa kiraka, ameliacha birika linafurika. Mvua ilikuwa ya rasharasha na cheche zilikuwa zinaonekana kupitia mlangoni. Nilidhani nitaona vyuma tu. Kumbe niliona kila kitu. Niliona ule mlango ambao tulikuwa tukiutokea tumejaa vumbi la pamba nyweleni, wote vikongwe kwa jioni moja, halafu tunajikung'uta na kuwa wasichana tena. Nililia, sitaki kuficha. Chuma kile kililea watoto wa mji huu.

Wakauburuta mmoja wenye alama nyekundu ubavuni. Ni rangi ya kucha. Jirani aliipaka siku tulipokabidhiwa mitambo, akisema asije mtu akamchanganyia. Nikageuka nikamtazama, usoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya getini.

Mdomo wake ukafunguka. Taratibu, bila sauti.

"Huo wangu," akasema. "Yako wameshaipakia."

Lori likapita katikati yetu. Lilipokwisha kupita alikuwa bado ananitazama.

"Na chai yangu," akasema, "nimeongeza majani. Umeridhika?"

Bakuli lilinitoka mkononi.

Mjinga mimi. Mjinga wa kufungwa kamba! Nilisema hasikii. Lini mimi na yeye tuliwahi kutumia masikio? Wiki zote hizi nimesimama mbele ya mtu mmoja katika mji huu anayeweza kunisoma kutoka ng'ambo ya barabara, nikamwaga kila kitu kuanzia matusi hadi vifo vyetu, naye akasugua kikombe chake na kunisikiliza. Chai ikakolea. Mwavuli ukatiwa kiraka. Nami nikashangaa tu.

Nilikimbia. Umri huu, nilikimbia kwenye tope.

22 Aprili

Sitoki nje.

23 Aprili

Mwanangu anauliza chakula chake kilienda wapi juzi. Nimesema kimeliwa na mbwa.

25 Aprili

Nimekwenda kwake.

Mvua ilinikuta mlangoni, ile mvua ya kupiga bati mpaka hujisikii unavyofikiri. Alinifungulia, akanivuta ndani, akanipa khanga nijifute. Chumba chake kimoja, kitanda, meza ya chai imeegeshwa ukutani, mabegi mawili yameshafungwa. Tukakaa tukitazamana. Bati lilikuwa linanguruma kama ukumbi wetu asubuhi mitambo ikishawaka. Mimi sikusikia kitu, yeye hakusikia kitu, tukawa sawa.

"Ulijua tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu maji ya kuoshea vikombe."

"Mbona hukunijibu?"

"Ningekujibu ungenyamaza. Mimi nilikuwa na hamu ya maneno, Jirani. Watu wananionyesha vidole tu."

Tulicheka, kisha tukalia, kisha akabandika maji ya chai. Ndipo nikalitoa lile lililonikaa kooni. Nikamwambia nimeshamsamehe siku nyingi, maana najua mumewe alikuwa hana kazi wakati ule, na mwenye njaa hagomi.

Akatikisa kichwa. "Usinisamehe kwa hilo. Njaa tulikuwa nayo wote. Mimi niliingia kwa sababu nilikuwa naipenda ile kazi. Nilikaa pale getini nikawa nasikia mitambo michache inawaka ndani, nikashindwa kukaa. Basi, ni hivyo tu. Miaka yote nimetafuta sababu nzuri zaidi ya kukwambia, sijaipata."

Nilikasirika. Hata sasa ninapoandika nina hasira kidogo. Angesema ni njaa, ingekuwa rahisi. Lakini najua alichokuwa anakisikia pale getini, maana na mimi nilikuwa nakisikia, na miguu ilikuwa inaniwasha.

Akanimiminia chai. Akasubiri ninywe. Kisha akasema, "Mitambo yako niliishika."

Sikumwelewa. Akarudia taratibu, akiufungua mdomo kama anavyofundishwa msichana mgeni. "Yako na yangu. Walitaka kumpa mtu mwingine nikakataa, nikasema hii ina mwenyewe. Niliishika mpaka siku ya mwisho. Wewe hukuniambia nishike, najua. Nilishika tu."

Bati liliendelea kunguruma. Nilimshika mikono, yote miwili, tukakaa hivyo. Chai ilikuwa imekolea kweli.

26 Aprili

Nimeshinda kwake.

28 Aprili

Nimeshinda kwake. Mwanangu anauliza kama nimehama.

30 Aprili

Nimemwambia abaki. Nimemwambia chumba chetu kina nafasi ya kitanda cha tatu. Akasema mwanawe ameshapaka rangi chumba, na kuna mjukuu ambaye bado hajamshika. Nisingeweza kushindana na mjukuu.

Nilimlaumu hata hivyo. Nilimwambia tumepoteza miaka ishirini na sasa ananipa wiki moja. Akasema, "Wewe ndiye ulikuwa unatazama juu." Akasema kweli, tukagombana, tukapatana kabla ya chai kupoa.

3 Mei

Ameondoka.

Stendi ilikuwa imejaa makelele, mabasi yananguruma, wapiga debe wanaita, na mvua ya mwisho mwisho inanyesha kwa uvivu. Mwanawe alikuwa juu ya basi anafunga mizigo. Jirani alipopanda kukaa walikuwa wameshafunga vioo vyote. Watu wengine wa stendi walikuwa wanagonga vioo na kupiga kelele, "Nini? Unasemaje?" na kuonyeshana simu kwa vidole. Sisi tuliendelea kuongea kama tuko ukumbini. Aliniambia birika analoniachia lina ufa karibu na mkono, nisilijaze. Aliniambia mlinzi wa geti ananunua kwa ahadi, nisimwamini. Nikamwambia amsalimie mjukuu, na asimfundishe matusi yetu.

Basi likaanza kusogea. Nikalifuata nikitembea.

"Nishikie," akasema.

"Mpaka lini?"

Akaliinua bega, akatabasamu. Mdomo wake ukafunguka mara nyingine tena lakini kioo kilikuwa kimeshaingia ukungu, na hilo la mwisho sikulisoma. Nilisimama pale mpaka moshi ukaisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu yangu akaniuliza kwa huruma kama mimi ni bubu. Nikamwambia hapana, nilikuwa naagana na mtu.

4 Mei

Jua. Nimelala.

8 Mei

Leo nimekaa getini. Meza yake, birika lake, mwavuli wake na kile kiraka, ingawa mvua zimekwisha na hauna kazi ila kivuli. Wasichana walikuja wakati wa mapumziko wakaninyooshea vidole kwa mazoea. Nikawaambia mimi nasikia nusu, semeni. Mlinzi alikuja na ahadi, akaondoka nayo. Mchana malori mawili ya majora yaliingia, yakashusha mzigo pale ilipokuwa mitambo yetu.

Wasichana walipoingia ndani tena, barabara ikapoa. Nikaanza kusuuza vikombe. Nilikuwa namweleza kuhusu lile birika, kwamba si ufa, ni uchafu tu, alikuwa hasugui vizuri, nilipohisi natazamwa. Nikainua macho. Kule juu, dirishani mwa ukumbi wa cherehani, mwanangu alikuwa ameinua uso kutoka kwenye kazi yake. Msimamizi alikuwa nyuma yake, amempa kisogo. Kando yake yule msichana aliyepewa onyo alikuwa ameinamia cherehani na mabega yanamtikisika kwa kicheko, kwa hiyo najua hawajakaa kimya huko.

Mdomo wa mwanangu ukafunguka. Hakutafuna hata neno moja.

"Mama, unaongea na nani?"

Sikufumba mdomo. "Na Jirani," nikamwambia, na nikaendelea kusuuza.